Nani Kamuuliza Mama?

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Hadithi ya leo imenuna kidogo, na mtaona wenyewe kwa nini.

Muheza kuna machungwa mengi. Na Muheza kuna msichana mmoja, anaitwa Hidaya.

Hidaya ana miaka sita na nusu. Ile nusu msiisahau, maana yeye mwenyewe haisahau.

Hidaya anaishi na Baba, na Mama, na Bibi Mwanahawa. Bibi Mwanahawa ndiye aliyemzaa Baba.

Zamani kidogo, Bibi alikuwa anatembea upesi kuliko wote nyumbani. Kisha siku moja akapata kiharusi.

Kiharusi ni ugonjwa. Mkono wa Bibi wa kulia ukalala. Mguu wake wa kulia ukalala. Ulimi wake ukawa mzito.

Sasa Bibi yuko kitandani, sebuleni, karibu na dirisha. Akitaka kusema neno, analitafuta kwanza.

Na nani anamtunza Bibi? Mama.

Asubuhi Mama anamgeuza Bibi. "Moja, mbili, tatu, geuka."

Anamwosha uso. Anamwosha miguu. Anamlisha uji, kijiko kidogo, halafu kijiko kidogo.

Anaunyoosha mkono uliolala, kidole kimoja, kidole kimoja, kama nesi alivyoonyesha.

Halafu anafua shuka. Kandambili za Mama zinalia kutwa nzima. Chapu, chapu, chapu.

Hidaya anasaidia. Anashika kikombe na kufukuza nzi.

Baba yuko kazini, kwenye shamba la mkonge. Anaondoka jua halijatoka. Anarudi jua linazama.

Na Mama mwenyewe anakula saa ngapi? Hapo ndipo hasira ya Hidaya inapoanzia.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alimaliza kazi za asubuhi, akajimiminia uji kikombe kimoja.

Uji ulikuwa wa moto. Mvuke ulipanda juu, fuu, fuu.

Mama akakaa. Akanyanyua kikombe. Akakisogeza mdomoni.

"Hodi, hodi."

Mama akainuka. Uji ukabaki.

Alikuwa ni Mzee Hoza, jirani wa nyumba ya tatu. Amekuja kumtazama mgonjwa. Mkononi ana kikapu cha machungwa.

Machungwa, jamani. Nyuma ya nyumba ya kina Hidaya kuna michungwa mitatu, na yote imezaa.

Mama akatandika mkeka wa wageni. Mzee Hoza akakaa, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, Babu," akasema Hidaya.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Mzee Hoza. "Mama Hidaya, Bibi anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu," akasema Mama. "Hajambo kidogo."

Bibi alikuwa pale pale, amefumba macho. Hidaya alijua kwamba hajalala. Wageni wakija Bibi hufumba macho, lakini vidole vya miguu vinacheza.

Mama akaenda jikoni, chapu, chapu, chapu. Akachemsha chai. Mzee Hoza akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa na cha pili.

"Mama Hidaya, unafanya kazi kubwa," akasema. "Mungu atakulipa."

Kisha akaaga, akaenda zake.

Hidaya akatazama vikombe vichafu. Mungu atalipa, sawa. Lakini vikombe hivi nani ataviosha?

Akatazama uji wa Mama. Umepoa. Umeota utando juu.

Hidaya akakunja uso. Akakunja na ngumi. Akasema moyoni, moyoni tu:

"Na Mama je? Nani kamuuliza Mama?"

Hakuna. Hata mmoja.

Mama akaosha vikombe. Akamgeuza Bibi. "Moja, mbili, tatu, geuka."

Kisha akachemsha muhogo. Vipande vinne tu, vyeupe, laini. Akaviweka kwenye sahani, akanyunyiza chumvi.

Akakaa. Akachukua kipande kimoja. Akakipuliza.

"Hodi, hodi, hodi, hodi."

Mama akainuka. Muhogo ukabaki.

Walikuwa ni Bi Kidawa na wenzake watatu, wa kikundi cha kina mama wa mtaa. Wamevaa vitenge vya sare. Wamekuja kumtazama mgonjwa.

Na kila mmoja amebeba nini? Machungwa.

Waliyamwaga chini pamoja na ya Mzee Hoza. Biringi, biringi, biringi, mpaka chini ya kitanda.

Wote wanne wakakaa kwenye mkeka. Bibi akafumba macho. Vidole vya miguu vikacheza.

"Bibi anaendeleaje?" wakauliza.

"Tunamshukuru Mungu," akasema Mama. "Hajambo kidogo."

"Mpake mafuta ya nyonyo," akasema wa kwanza.

"Mafuta ya nyonyo hayafai. Mpake ya nazi," akasema wa pili.

"Usimlaze ubavu huo," akasema wa tatu. "Mlaze huu."

"Asante," akasema Mama. "Asante. Nitafanya hivyo."

Chapu, chapu, chapu. Mama akaleta chai. Chai peke yake haipendezi, kwa hiyo akaleta na muhogo wake.

Bi Kidawa akala kipande. Akala cha pili. Akamtazama Mama juu mpaka chini.

"Mama Hidaya, mbona umekonda hivyo?" akasema, huku anatafuna. "Jitahidi ule, mwenzetu."

Jitahidi ule. Na muhogo wenyewe uko mdomoni mwa nani?

Hidaya alitoka nje mbio. Angebaki pale, angesema neno.

Nje kulikuwa na kuku anaparua mchanga, paru, paru. Hidaya akachuchumaa, akamnong'oneza kuku:

"Na Mama je? Nani kamuuliza Mama?"

Kuku akamtazama kwa jicho moja. Hata yeye hakujua.

Mchana ukafika. Wageni walikuwa wameondoka. Bi Kidawa aliusahau mwavuli wake mlangoni.

Mama alipika wali wa nazi na kisamvu. Nyumba nzima ikanukia.

Alimlisha Bibi kidogo. Akampakulia Hidaya. Mwisho kabisa akajipakulia yeye, sahani ndogo, wali unatoa mvuke.

"Leo nitakula cha moto," akasema Mama. Akatabasamu.

Hidaya akamtazama. Mama akanawa. Akakaa. Akafinyanga tonge. Akalinyanyua.

Hidaya akafumba macho, akaomba. Asije mtu. Asije mtu. Asije mtu.

"Hodi humu ndani."

Mama akainuka. Wali ukabaki.

Alikuwa ni Shangazi Zena, kutoka Tanga mjini. Shangazi Zena ni dada yake Baba. Bibi Mwanahawa ndiye mama yake mzazi.

Alikuwa na mkoba mwekundu na viatu vyenye kisigino. Ko, ko, ko. Na mkononi alikuwa na mfuko.

Hidaya akachungulia ndani ya mfuko. Mtakisia kuna nini. Machungwa, yametolewa Muheza, yakaenda kuuzwa Tanga, sasa yamerudi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wifi, mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, wifi," akasema Mama. "Karibu kiti."

Shangazi Zena hakukaa kwanza. Alipitisha kidole dirishani, akakitazama kidole. Alinyanyua pembe ya shuka, akaitazama shuka.

"Wifi," akasema, "mbona shuka ya mama yangu ina doa?"

Lilikuwa doa la uji. Dogo. Sawa na kucha ya kidole cha mwisho.

"Nitaibadilisha, wifi," akasema Mama, pole pole. "Ngoja kwanza nikuletee chai."

Mama akaenda jikoni. Lakini safari hii kandambili hazikulia chapu, chapu. Zilijiburuta. Shhh. Shhh.

Hidaya akasubiri. Shangazi akasubiri. Chai haikuja.

"Hebu kamtazame mama yako," akasema Shangazi. "Chai gani hii isiyoiva?"

Hidaya akaenda jikoni.

Moto ulikuwa haujawashwa. Birika lilikuwa tupu.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, amefumba macho. Mkononi ana kiberiti.

"Mama, umelala?"

"Hapana, mwanangu. Napumzisha macho."

"Mama, unaumwa?"

Mama akaweka kiberiti chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Mgongo unaniuma, Hidaya. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Hidaya hajawahi kumsikia Mama akisema hivyo. Aliogopa. Kisha akakasirika kuliko asubuhi, kuliko hata wakati ule wa muhogo.

Akarudi sebuleni. Akaukunja mkeka wa wageni. Akaukumbatia, akauvuta mpaka jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Lala hapa, Mama."

"Huo ni mkeka wa wageni."

"Lala kidogo tu."

Mama akataka kukataa. Lakini mwili wake haukutaka kukataa. Akajinyoosha, na kabla Hidaya hajahesabu tatu, akawa amelala.

Hidaya akamfunika kanga. Akatoka. Akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni.

"Chai iko wapi?" akauliza Shangazi Zena.

"Chai hakuna," akasema Hidaya.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala?" Shangazi akaweka mkoba chini. "Saa nane mchana? Na mgonjwa yuko ndani?"

Wakati huo huo Bi Kidawa alifika mlangoni. Amefuata mwavuli wake. Akasimama hapo hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Hidaya aliwaona wote wawili. Ngumi zikakunjika. Na yale maneno ya moyoni, yale aliyomnong'oneza kuku, sasa yakatoka.

"Mama hajanywa uji wake. Umepoa. Muhogo wake wameula wageni. Wali wake ule pale, nao umepoa."

"Usiku Mama anaamka mara mbili kumgeuza Bibi. Mgongo unamuuma. Amechoka mpaka kwenye mifupa."

"Mnakuja, mnauliza, Bibi anaendeleaje, Bibi anaendeleaje. Na Mama je? Nani kamuuliza Mama?"

Chungwa moja likatoka chini ya kitanda, biringi, biringi, likasimama.

"Huyu mtoto," akasema Shangazi Zena, "nani kamfundisha kuwasema wakubwa?"

Hidaya alijua amekosa. Mtoto hawasemi wakubwa.

Lakini hakusema kwamba amedanganya, maana hakudanganya.

Bi Kidawa akachukua mwavuli wake, akageuka, akaondoka.

Hidaya akawaza, sasa anakwenda kunitangaza mtaa mzima.

Ndipo kitanda kikalia. Kriii.

Bibi Mwanahawa alikuwa amefumbua jicho. Kisha la pili. Kumbe amesikia yote. Siku zote anasikia yote.

"Ze... na," akasema Bibi.

"Abee, mama." Shangazi akainuka haraka.

Bibi akalitafuta neno. Wakamngoja.

"Mtoto... kasema... kweli."

Shangazi Zena akauweka sawa mto wa Bibi.

"Nina... njaa," akasema Bibi.

"Haya, mama. Ngoja wifi aamke akulishe."

Bibi akamkazia macho.

"Wewe."

Hilo neno halikumsumbua hata kidogo. Lilitoka lenyewe.

Basi Shangazi Zena akavua viatu vyake vya kisigino. Akachukua bakuli la uji wa Bibi uliobaki asubuhi. Akachota kijiko, kimejaa mpaka ukingoni.

Uji ukamwagika. Kidevuni, shingoni, kwenye shuka. Bibi akakohoa, koh, koh.

"Kijiko kidogo, Shangazi," akasema Hidaya. "Halafu umngoje ameze. Tazama shingo. Ikipanda na kushuka, amemeza."

Shangazi akatazama shingo. Akachota kidogo. Akangoja.

Bakuli dogo la uji lilichukua muda mrefu sana. Miguu ya Shangazi ilikufa ganzi.

"Sasa shuka," akasema Hidaya. "Ina doa."

Shangazi Zena akaweka bakuli kando. Akalitazama doa.

"Kwanza umgeuze Bibi," akasema Hidaya. "Unasema moja, mbili, tatu, geuka."

"Moja," akasema Shangazi. "Mbili. Tatu. Ge... ge..."

Bibi hakugeuka. Bibi ni mwembamba, lakini mtu asiyeweza kujigeuza ni mzito.

"Piga goti kitandani. Mshike bega na nyonga," akasema Hidaya. "Mama anafanya hivyo."

Shangazi akapiga goti. Akashika bega. Akashika nyonga. Jasho likamtiririka mpaka puani.

"Moja, mbili, tatu, geuka."

Bibi akageuka. Shuka chafu ikatoka, shuka safi ikaingia. Shangazi Zena akajishika kiuno, akaketi sakafuni, kilemba kimeenda upande.

"Hivi wifi hufanya haya kila siku?" akauliza.

"Kila siku," akasema Hidaya. "Na leo bado kuunyoosha mkono wa Bibi jioni. Na ile shuka haijafuliwa. Na dawa ni saa kumi na mbili."

Shangazi akaweka kilemba sawa. Kisha akasema, "Nionyeshe huo mkono."

Wakaunyoosha pamoja. Hidaya kidole kimoja, Shangazi kidole kimoja.

"Hodi," ikasema sauti nje.

Hidaya akaruka. Akaenda mlangoni, tayari kusema kwamba chai hakuna.

Alikuwa ni Bi Kidawa, amerudi na wenzake wale watatu. Hidaya akarudi nyuma hatua moja.

Lakini vitenge vya sare wamevivua. Wamejifunga kanga kiunoni. Mmoja ana ndoo. Mmoja ana sabuni. Mmoja ana sufuria imefunikwa kwa kitambaa.

Na machungwa? Hakuna hata moja.

"Tuonyeshe shuka ziko wapi," akasema Bi Kidawa.

Hidaya akawaonyesha. Wakainama uani, wakafua. Fuku, fuku, fuku. Wakasuuza, wakakamua, wakaanika.

Bi Kidawa alikuwa anafua kwa hasira, kama vile shuka imemtukana.

"Harusi ikiwepo, tunapangana zamu," akasema. "Huyu apike, huyu achote maji. Msiba ukiwepo, tunapangana zamu. Na mgonjwa je? Mgonjwa tunampelekea machungwa, tunakunywa chai."

"Na kula muhogo," akasema Hidaya.

"Na kula muhogo," akasema Bi Kidawa. Hakucheka. "Nisamehe, mwanangu. Sasa tupange zamu."

Wakapangana pale pale, mikono imejaa povu. Jumatatu kufua ni Bi Kidawa. Jumatano ni mwenzake. Maji yatachotwa na yule wa tatu.

Yule wa nne alifikiri sana. "Mimi nitakuja Ijumaa mchana nikae na Bibi," akasema. "Mama Hidaya atoke. Aende anakotaka, hata kama ni kusukwa nywele."

Jua likaanza kuteremka. Baba akarudi kutoka shambani. Akakuta shuka zinapepea, kina mama uani, na dada yake yuko pekupeku.

"Kuna nini?" akauliza Baba. "Mama kazidiwa?"

"Mama hajazidiwa," akasema Shangazi Zena. "Aliyezidiwa ni mkeo."

Akamweleza yote. Uji. Muhogo. Wali. Mgongo. Kuamka mara mbili.

Baba akakuna kichwa. "Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?" akasema Hidaya.

Hapo hata Shangazi hakumkemea.

Baba akakaa kwenye kizingiti. "Usiku nitamgeuza mimi," akasema. "Ni mama yangu. Alinigeuza mimi nikiwa mdogo."

Jikoni, Mama akaamka ghafla. Kiza kimeanza kuingia.

Dawa. Wageni. Bibi. Shuka. Akakimbia sebuleni, chapu, chapu, chapu.

Akasimama. Bibi kageuzwa. Shuka ni safi. Baba anampa Bibi dawa, na Shangazi ameshika kikombe cha maji.

Mama akaitazama mikono yake. Hakujua aiweke wapi.

"Nimelala," akasema. "Nisameheni. Nilijinyoosha kidogo tu."

"Wifi, kaa," akasema Shangazi Zena.

Mama akakaa. Shangazi akasogea, akakaa chini karibu naye.

"Wifi," akasema, "wewe unaendeleaje?"

Mama akafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema sijambo, kama siku zote. Hidaya aliliona lile neno likija.

Halikutoka.

"Nimechoka, wifi," akasema Mama. "Nimechoka sana. Nampenda mama, na nimechoka."

Kisha akalia. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Shangazi alimshika mkono tu.

Bibi naye alinyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akagusa kichwa cha Mama. Alilitafuta neno kwa muda mrefu.

"Mwa... nangu," akasema Bibi.

Bi Kidawa akafunua sufuria. Ndani mlikuwa na ndizi za nazi na samaki. Mvuke ukapanda mpaka darini.

Akampakulia Mama sahani kubwa. Wa kwanza kabisa, kabla ya Baba, kabla ya wageni.

Mama akanawa. Akachukua kipande cha ndizi. Akakipuliza. Akakisogeza mdomoni.

"Hodi, hodi."

Mama akaanza kuinuka. Amezoea.

"Kaa," wakasema wote kwa pamoja. Hata Bibi.

Hidaya akaenda mlangoni mwenyewe. Alikuwa ni Mzee Hoza, na kikapu kingine.

"Shikamoo, Babu. Mama anakula."

"Marahaba. Basi nimtazame Bibi mara moja, na kikombe kimoja tu cha..."

"Babu," akasema Hidaya. "Mama anakula."

Mzee Hoza akachungulia ndani. Akamwona Mama na sahani yake. Akawaona kina mama wanaosha vyombo. Akakohoa kidogo.

"Mlango huu umelegea bawaba," akasema. "Kesho nitakuja na bisibisi."

"Karibu kesho, Babu," akasema Hidaya.

Mama akala. Akala polepole. Akala cha moto. Akala mpaka sahani ikawa nyeupe, akaongezewa, akala tena.

Hidaya alimtazama tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho. Hakukunja uso. Hakukunja ngumi.

Usiku ukaingia. Shangazi Zena akalala chumba cha nyuma. Amesema hatarudi mjini mpaka Jumanne, na kila mwezi atakuja siku nne.

Mama akaja kumfunika Hidaya shuka. Akajilaza karibu naye.

"Nimesikia uliwasema wakubwa," akasema Mama.

"Ndiyo, Mama."

"Wakubwa hawasemwi hivyo, Hidaya."

"Ndiyo, Mama."

Mama akamsogezea shuka. Kisha akambusu kwenye paji la uso. "Asante, mwanangu."

Hidaya akasogea, akaingia kwapani mwa Mama, mahali penye joto.

"Na wewe je?" akauliza Mama. "Umeshindaje leo?"

Hidaya akafikiri. Hata yeye hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nimechoka," akasema. "Mkono unaniuma. Nzi ni wengi. Na niliogopa ulipolala kule jikoni."

Mama akamkumbatia. Akausugua ule mkono, taratibu.

"Sasa nitakupa hadithi," akasema Mama. "Palikuwa na... palikuwa na..."

Hidaya akangoja. Akageuka kumtazama.

Mama amelala. Mdomo wazi. Krooo. Krooo.

Sebuleni, Bibi akakohoa. Kitanda kikalia, kriii.

Hidaya akamtazama Mama. Akashika pumzi.

Miguu ya Baba ikapita mlangoni, taratibu. "Niko hapa, mama," akasema Baba. "Moja, mbili, tatu, geuka."

Na Mama hakuinuka. Aliendelea kulala, krooo, krooo, mpaka asubuhi.